Samaki na mboga kwa maji yale yale, Kisauni: ninunue banda la nailoni au la?

BintMlaleo

Asalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu.

Naishi Kisauni, upande wa Mlaleo. Nyumba ina slabu juu, na nyuma kuna uwanja mdogo, kama mita sita kwa nne, wenye mwarobaini mmoja mkubwa. Nafundisha chekechea, saa saba mchana nishafika nyumbani, kwa hivyo muda ninao.

Kaka yangu yuko Uholanzi na amejenga akuaponiki. Kwa wasioijua: samaki wako kwenye tangi, maji yao machafu yanavutwa kwa pampu mpaka kwenye vitanda vya kokoto vilivyopandwa mboga, mboga zinakula ule uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Yake iko ndani ya banda la nailoni la tabaka mbili, ina hita ya maji, na anavuna saladi hata theluji ikianguka. Amenichorea ramani yote. Fundi wa hapa ameniambia banda kama lile ni elfu 85, fremu na nailoni peke yake, bado pampu, bado samaki. Pesa zangu ni za chama, laki moja na ishirini, na zamu yangu hairudi leo wala kesho.

Nimefikiria kuyaweka matangi juu ya slabu, maana jua lipo na watoto wa jirani hawafiki. Maji ya mfereji kwetu hutoka kwa bahati, ila tuna kisima. Maji yake yana chumvi chumvi, twaogea na kufulia, hatunywi. Kuna mtu wa Shimanzi aniuzia matangi mawili yale meupe ya mraba ya lita 1000, yenye kizimba cha chuma, asema yalikuwa na "sabuni tu". Kokoto naweza kupata bure, jirani anabomoa ukuta wa matumbawe.

Je, slabu itabeba? Maji ya kisima yafaa? Na hilo banda ni lazima? Mume wangu yuko melini, sitaki arudi akute nyumba imejaa mabomba na mchicha tunaendelea kununua gengeni.

MkaangaTafi

Wa aleikum salaam dada. Swali moja kabla ya yote: hao samaki wa matope atawala nani? Tafi na changu wanajilisha wenyewe baharini, hawadai pampu wala stima. Nasema kwa mapenzi tu. Mnanaa ukishamea niuzie.

Mhandisi_Jomvu

Dada, juu ya slabu usiyapandishe. Kazi yangu ni majengo, kwa hivyo hili si la kubahatisha.

Slabu ya nyumba ya kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 kwa kila mita mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Hiyo ni watu, viti, kamba za kuanika nguo. Tangi lako limekalia eneo la mita 1 kwa mita 1.2. Likijaa ni tani nzima ya maji, yaani zaidi ya kilo 800 kwa mita mraba, mara tano ya hesabu. Na watu hukisahau kitanda cha kokoto: kitanda cha ukubwa huo huo chenye kina cha sentimita 30, kikilowa, kinapita kilo 600. Utaniambia mbona jirani ana tangi la maji juu. Tazama limekaa wapi: mara nyingi liko juu ya makutano ya nguzo, na fundi alilijua tangu siku ya kumwaga zege. Lako halikuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Halafu hii ni Pwani. Hewa ya chumvi inakula nondo ndani ya zege bila wewe kuona. Panda ngazi, kagua slabu kwa chini: ukiona vipande vinabanduka au mistari ya kutu, hata kitanki cha maji ya kuogea, kama kipo, kishushe. Matangi ya samaki weka uwanjani, juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na msingi wa matofali ulionyooka kwa pima maji. Tangi likiinama kidogo likiwa tupu, likijaa litainama zaidi.

MzeeWaMitambo

Mwanangu, la slabu Mhandisi amelimaliza, sirudi huko. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya barafu. Umri wangu mwingi nimeumaliza nikipoza samaki waliokufa, na sasa nimestaafu nafuga walio hai nyuma ya nyumba, Mikindani. Nilianza wakati wa Korona, tulipofungiwa, na maji bado yazunguka. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu pesa za chama si za kuchezea.

Hilo banda liache. Kaka yako hajakosea, kwake lafaa: yeye yuafungia joto lisitoroke. Wewe joto umepewa bure, kazi yako ni kutafuta pa kulitupa. Tilapia anayapenda maji ya nyuzi 27 hadi 30. Hapa kwetu hata usiku wa Julai hewa haishuki sana chini ya 20, na Februari na Machi, Kaskazi ikianza kulegea, mchana wafika 33. Chukua hali hiyo uifungie kwa nailoni pande zote uone. Humo ndani utapita 40, nyanya zitapukutisha maua, saladi itarefuka shingo na kuwa chungu kabla hujaitia siki. Na maji yakipata joto hushika hewa kidogo: ya nyuzi 20 yaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayavuki 7 na nusu, na ndipo hapo samaki naye anapotaka zaidi.

Usidhani huu ni ubishi wa mtu wa Pwani. Mfumo ambao watu wengi duniani wamejifunzia uliundwa na James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kisiwani St. Croix, huko Karibi, kwenye joto kama hili letu. Matangi ya tilapia, mabwawa ya mboga zinazoelea juu ya maboya, na vyote viko wazi, havina banda. Mwambie kaka yako akuchoree kwa mfano wa huo.

Kwangu mimi kuna paa tu. Nguzo za mvinje, juu nailoni ya maikroni 200 iliyotiwa dawa ya kuhimili jua, chini yake neti nyeusi ya kivuli ya asilimia 50 ambayo naivuta saa nne asubuhi na kuikunja alasiri. Kuta hazipo, ni neti. Nailoni ya juu ina sababu moja kubwa, nayo ni mvua ya Mei: ikiingia yote, tangi lafurika na mbolea yako yote yaenda mtaroni. Sababu ya pili ni mavi ya kunguru. Acha upande mrefu uukabili upepo, na Kusi ikianza kuvuma kaza kamba, kwa sababu nailoni iliyolegea hujipigapiga mpaka ichanike yenyewe.

Pesa zilizobaki zielekeze kwenye maji, na hapa nisome polepole.

Kisima chako kimechimbwa ndani ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Changu kilisoma pH 8. pH ni kipimo cha asidi majini: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni upande wa chokaa. Sasa sikiliza kwa nini hilo ni jambo. Samaki anatoa amonia, nyingi yake kwa matamvua, si kwa kinyesi kama watu wanavyodhani. Kuna bakteria, jamii ya Nitrosomonas, huila ile amonia na kutoa nitriti, nayo bado ni sumu. Wengine, kina Nitrospira na Nitrobacter, huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea ya mchicha wako. Bakteria hao hawauzwi gengeni, wanajiotea kwenye kokoto na yataka wiki tatu hadi sita kabla hawajatosha. Katika wiki hizo amonia imo majini. Nayo ina sura mbili, moja pole na moja kali, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Kwa maji ya nyuzi 30 yenye pH 7, ile kali haifiki hata sehemu moja kwa mia. pH ikiwa 8, ni sehemu saba na kitu. Kipimo kile kile ambacho kwa kaka yako hakina neno, kwako chaweza kuua tangi zima. Basi anza na samaki wachache sana, lisha kwa vidole viwili, na ununue kile kisanduku cha kupimia maji kwa matone kabla ya kununua samaki.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya pH nakwambia, ukuta wa jirani usiuguse. Chukua siki ya dukani, dondoshea jiwe kavu, halafu liinamie. Likitoa povu la vipovu vidogo vidogo, hata kama ni kwa unyonge, hilo ni chokaa. Litakaa ndani ya maji likiyeyuka, na kila ukishusha pH litaipandisha. Jiwe lisilojibu siki ndilo lako. Kokoto nyeusi za dukani nyingi hazijibu, lakini jaribu kila lori, usimwamini muuzaji wala mimi. Ukiwa na nafasi ya kutumia kidogo zaidi, kuna pumisi ya upande wa Naivasha, lile jiwe la kusugulia visigino, jepesi hata mtoto abeba gunia.

Kuna watakaokwambia ukamulie ndimu. Usikubali. Asidi ya ndimu huua bakteria wale wale unaowalea, na keshoye pH imerudi ilipokuwa kwa sababu chokaa bado imo. Acha bakteria wakomae. Kazi yao yenyewe huzalisha asidi, na wanaotumia maji laini, yasiyo na chokaa, hulazimika kuiongeza kila mara ili maji yasizidi asidi. Sisi hiyo chokaa tumo ndani yake tangu kuumbwa.

Chumvi ni shauri jingine, na kwa hilo ulimi hautoshi. Nunua au azima kipima chumvi cha kalamu. Kikisoma chini ya maikrosimensi 700, shukuru. Kati ya 700 na 3000 kuna mboga zitakazostahimili na zitakazodumaa. Juu ya 3000 kisima hicho ni cha kufulia. Tilapia hatajali, wa kujali ni mboga. Na kuna hila moja ambayo watu hawaioni: kila siku maji hupungua, kwa jua na kwa majani, lakini kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi yabaki. Ukijaliza kwa maji ya kisima kila siku, baada ya miezi michache unalima ndani ya bahari. Kwa hivyo kisima chaweza kusaidia siku ya kwanza ya kujaza, lakini kujaliza jaliza kwa maji ya mvua, au ya mfereji yaliyolala wazi siku moja mbili ili klorini iondoke. Mimi nakinga masika na vuli kwenye mapipa ya buluu, na kila pipa lina kifuniko. Hilo la kifuniko si urembo. Tunakumbuka sote chikungunya ile ya mwisho wa 2017 iliyolaza mitaa mizima ya Mombasa, na mbu wake huzaa kwenye vyombo vya nyumbani. Ndani ya tangi samaki watakula viluwiluwi vyote. Kwenye vitanda hakikisha maji hayafiki juu ya kokoto, sentimita mbili tatu za juu zikae kavu daima.

Kama huamini tilapia na chokaa wanapatana, nenda Haller Park, Bamburi, si mbali na kwenu. Yale yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. René Haller, yule Mswisi, alianza kupanda mivinje mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu, na tilapia wakafugwa humo humo. Samaki hana neno, narudia. Utakayemsikia analalamika ni mmea, na analalamikia chuma. Tazama majani machanga, yale ya kileleni: yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani kama michoro ya hina, huku majani ya chini ni mazima, usiongeze chakula cha samaki. pH ikiwa juu chuma hugeuka kutu na mzizi hauwezi kukinywa. Kuna unga wa chuma aina ya EDDHA katika maduka ya pembejeo, sema herufi hizo hizo kwa sababu aina nyingine hazifanyi kazi kwenye maji yetu. Miligramu 2 za chuma chenyewe, si za unga, kwa kila lita ya maji, kila wiki tatu. Maji yatakuwa mekundu, usishtuke.

Hesabu ya samaki: FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema usizidishe kilo 20 za samaki kwa lita 1000. Tangi lako moja ni samaki 40 wa nusu kilo, basi, si 200 kama wanavyosema kwenye video. Nunua vifaranga vya dume tupu, la sivyo watazaana na utabaki na tangi la vidagaa. Makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, yako hapa hapa Mkomani, waulize nani auza vifaranga vya kuaminika. Hao 40 wakifika gramu 200, wanakula kama gramu 120 kwa siku, na kila mita mraba ya mboga za majani yataka gramu 40 hadi 50 za chakula kinachoingia kwa samaki. Gawanya mwenyewe: hazipiti mita tatu za mboga. Watu hujenga vitanda kwanza ndipo wakatafuta samaki wa kuvilisha. Wewe fuata chakula.

Bomba la kutolea maji tangini litokee juu, karibu na ukingo, hata kama litavuta uchafu kutoka chini, na liwe na tundu la hewa kileleni lisije likafyonza tangi zima. Likipasuka usiku, maji yatashuka mpaka hapo na kusimama.

BiRehani_MjiWaKale

Mzee umesema yote umeacha ya jikoni. Bint mwanangu, saladi mwachie kaka yako. Mimi sina samaki, nina madumu na mapipa barazani, ila mboga nazijua na wateja nawajua.

Panda mnanaa. Mnanaa ukishika maji hauombi ruhusa, na kwenye biriani, chai na chatne hakuna siku usiotakiwa, Ramadhani ndio kabisa. Rihani vile vile: mkungu mmoja kwa wauza maua ya harusi, pamoja na asumini, una bei kuliko gunia la sukuma. Mchicha wataka wiki chache tu. Mnavu utaota wenyewe. Spinachi yavumilia chumvi kuliko wenziwe, kama kisima chako ni hicho. Dania panda Juni mpaka Agosti hali ya hewa ikipoa, miezi ya Kaskazi yatoa maua upesi mno. Pilipili mbuzi mche mmoja wakutosha nyumba nzima na jirani. Nyanya kwa joto hili ni za kujitesa.

Wadudu wakija, tumia mwarobaini wako. Twanga majani, loweka usiku, chuja, nyunyiza jioni. Mimi ndio dawa yangu.

BintMlaleo

Jazakallah khairan nyote. Nimeshuka na mkoba wa majibu kwenda uwanjani.

Nimejaribu siki kwenye matumbawe ya jirani, limetoa povu mpaka mwanangu akacheka. Hilo limekwisha. Slabu kwa chini nimeiona ina mstari wa kutu kwenye kona ya jikoni, nimemwambia mwenye nyumba. Kalamu ya chumvi nimeazima kwa mwalimu wa sayansi: kisima kimesoma 1900. Kaka yangu nimemtumia jina la St. Croix, yuasoma, amenyamaza, na kunyamaza kwake mimi nakujua.

Yaliyobaki: stima kwetu yakatika, wakati mwingine usiku kucha. Mwarobaini niukate au niuache? Na huyo ndugu wa tafi asema tilapia ananuka matope, kweli?

MzeeWaMitambo

Kisima cha 1900: maji yake yajaze nusu ya tangi, nusu nyingine mfereji au mvua, na yasirudi tena tangini baada ya hapo.

Bi Rehani, kwa heshima zote dada yangu, hiyo dawa ya mwarobaini ni ya mapipa yako, si ya kwake. Mwarobaini ni sumu kwa samaki. Sabuni ya kunyunyiza nayo ni hivyo hivyo, na dawa za dukani usiziseme kabisa, kwa sababu kila tone lidondokalo kwenye jani laishia tangini. Wadudu mafuta waoshe kwa maji ya kasi, kwa mkono, asubuhi. Viwavi viokote uwape samaki. Mti wenyewe, mwanangu, usiukate, kivuli chake cha alasiri ni mali, lakini tangi lisikae chini ya matawi. Majani na matunda yake yakioza majini ni ile ile dawa, imejipika yenyewe. Sogeza tangi upande wa pili wa uwanja, na juu yake vuta wavu mkuukuu wa uvuvi, wa matundu madogo. Wavu huo utazuia na kunguru. Mimi nimemwona kunguru akisimama ukingoni, akatupa tonge la mkate majini, akangoja vifaranga wakusanyike, akachota. Na kama uko karibu na kichaka, kenge naye anajua kuogelea.

Stima. Hapo ndipo mifumo mingi ya Mombasa hufia. Pampu kubwa ya maji yaweza kulala usiku mmoja bila msiba, mimea haitakufa. Samaki wa jumla ya kilo 20 ndani ya tangi moja hawangoji. Mapema sana utawaona juu, midomo nje, wanatwaa hewa, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Tafuta pampu ndogo ya hewa ya volti 12, betri yake, na paneli ya sola ya kuichaji. Iunganishe ili iwake yenyewe umeme ukiondoka, maana usiku wa manane hutaamka kila siku. Stima ikiwa imekatika usiwalishe. Samaki aliyeshiba hutaka hewa zaidi kuliko mwenye njaa, na chakula kilichobaki huoza na kula oksijeni iliyobaki. Hapa ndipo zilipo zile elfu 85 zako, au sehemu yake.

Kuhusu matope: kweli, tilapia wa bwawa chafu hunuka, kwa sababu ya vitu vinavyotolewa na mwani na bakteria wa matope na kuingia kwenye mafuta ya samaki. Siku tatu nne kabla ya kumla, mtenge kwenye pipa la maji safi yenye hewa, usimpe chakula. Harufu hutoka. Kisha mpake tui la nazi, ukwaju na pilipili, mchome makaa. MkaangaTafi aalikwe bila kuambiwa ni nani yuko sahanini.

MkaangaTafi

Nimesoma. Nitakuja, ila nitamgeuza samaki kwanza nione mapezi.

MzeeWaMitambo

Jambo la mwisho, Bint, nimelikumbuka. Matangi ya Shimanzi. "Sabuni tu" si jibu. Tangi hilo lina kibati mbele cha kubandikia karatasi ya kilichokuwemo. Kama karatasi imebanduliwa, ondoka, maana plastiki hunywa kemikali na huitoa polepole hata ukiosha mara mia. Unalotaka ni lililobeba kitu cha kuliwa: mafuta ya kupikia, molasi, maji ya matunda. Fungua kifuniko, ingiza pua. Ukishalipata, lipake rangi nyeusi kwanza mwanga usipenye, vinginevyo maji yatageuka kijani kwa mwani, kisha nyeupe juu yake ili jua lisilipike. Piga picha ya hicho kibati uiweke hapa kabla hujatoa pesa mkobani.